Barua Pepe Yenye Mushkili: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Kama umeshaandika nywila yako mahali ambapo sasa unapatilia shaka, usisome kuanzia hapa. Shuka hadi Dalili ya 7, fanya yaliyoandikwa pale, kisha urudi. Tapeli ameshaanza kuzitumia dakika hizi, nawe zitumie.

Wengine karibuni. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za maduka na ofisi ndogo katikati ya Nairobi, kutoka Luthuli Avenue hadi Kirinyaga Road, na mwongozo huu umetokana na mambo yale yale ninayoitiwa wiki baada ya wiki. Watu hudhani hadaa ya barua pepe huwanasa wasiojua kompyuta. Ninaowakuta wamenaswa ni watu wenye shughuli nyingi: mhasibu mwisho wa mwezi, mwenye duka siku ya kupokea mzigo, kijana aliyetuma maombi 40 ya kazi na anangoja jibu moja tu. Wakishanaswa, wengi hunyamaza, na hapo ndipo hasara inapokua. Nimeona pesa ambazo zingeweza kuzuiwa Ijumaa jioni zikayeyuka kwa sababu mtu aliona haya kumwambia bosi wake hadi Jumatatu. Kwa hiyo, kabla ya mengine yote: ukihisi umekosea, sema. Sema leo.

Dalili ya 1: "KRA wameniandikia nina marejesho ya kodi"

Au PIN yako itafungwa. Au benki imesimamisha akaunti. Au kuna kifurushi kimekwama na kinadaiwa ushuru wa shilingi mia mbili hivi. Zenye jina la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, humiminika mwezi wa Juni, maana ritani za mwaka hufungwa tarehe 30 Juni na kila mtu ana wasiwasi. Siku hizi nyingine hujifunika jina la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au la SHA, mamlaka ya bima ya afya, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 na bado wengi hawajaizoea vizuri.

Mara nyingi chanzo ni barua iliyomwagwa kwa maelfu ya anwani kwa mkupuo. Mtumaji hakujui, anavua tu. Mara chache zaidi ni nakala ya tangazo la kweli, nembo ile ile na maneno yale yale, ila linki moja imebadilishwa. Na mara moja moja ni barua halali kabisa, kwa sababu KRA na benki huwaandikia watu kweli. Ndiyo maana simshauri mtu afute kila kinachomtisha. Hakiki.

Anza na lililo rahisi. Gusa jina la mtumaji hadi anwani nzima itokee. Jina linaloonekana juu ni maandishi tu, hata mimi naweza kuandika "KRA" pale sasa hivi. Angalia kilicho baada ya alama ya @. Halafu nenda kwenye linki: kwenye simu, ishikilie kwa kidole mpaka anwani yake ijitokeze, kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubonyeza na usome kona ya chini ya kivinjari.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tukae kidogo. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma ukirudi kushoto. Anwani itax.kra.go.ke inaishia na kra.go.ke, basi ni ya KRA. Lakini itax.kra.go.ke.marejesho-yako.com ni ya yule aliyesajili marejesho-yako.com, awe nani awe nani. Yaliyotangulia ni mapambo. Ni kama kusikia "Kamau wa Njoroge": Kamau ndiye anayetajwa kwanza, lakini boma ni la Njoroge. Uliza boma ni la nani.

Mwisho wa .go.ke umetengewa taasisi za serikali. Ule wa .co.ke mtu yeyote anaweza kuusajili kwa pesa kidogo, kwa hiyo kuuona si ushahidi wa lolote. Wala usitegemee ile alama ya kufuli. Inasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasomwi njiani, na tovuti ya tapeli huipata bure kama nyingine yoyote. Google waliiondoa kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiichukulia kama muhuri wa uaminifu.

Bado huna hakika? Ifunge barua. Fungua kivinjari, andika itax.kra.go.ke kwa mkono wako mwenyewe, ingia. Kama kuna deni au marejesho, utayakuta humo ndani. Kwa benki, fungua programu iliyo kwenye simu yako au piga nambari iliyo nyuma ya kadi. Ile iliyo kwenye barua achana nayo.

Anayetaka kuchimba zaidi afungue Gmail kwenye kompyuta, abonyeze nukta tatu zilizo kando ya barua na kuchagua Show original. Juu kabisa kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, vipimo vya kuthibitisha barua imetoka kweli kwenye anwani inayodaiwa. Barua inayodai imetoka kwenye taasisi kubwa lakini inaonyesha FAIL, iweke kando. PASS nayo isikulaze usingizi: inathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye anwani ile, na anwani ile inaweza kuwa ya tapeli mwenyewe.

Kama hujabonyeza kitu, hapa huhitaji fundi. Iripoti kama hadaa kwa kitufe kilichomo ndani ya programu ya barua, uendelee na siku yako.

Dalili ya 2: "Saplaya wetu amebadilisha akaunti ya benki"

Hii ndiyo inayofunga biashara. Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isiwe nyingine.

Niliitwa na mhasibu wa duka la vipuri vya magari kwa sababu printa ilikuwa imekataa kutoa karatasi. Duka sitalitaja. Alitaka kuchapisha invoisi ya saplaya wa ng'ambo ambaye walikuwa wameandikiana kwa wiki tatu kuhusu kontena moja. Barua ilikuwa imekuja katika mfululizo ule ule wa mazungumzo, salamu zile zile, muhuri ule ule, kiasi kile kile hadi senti. Chini kulikuwa na mistari miwili: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kupitia hii. Nikiwa nangojea printa iamke, macho yangu yakaangukia anwani ya mtumaji.

"Madam, hebu kuza maandishi hapo."

Akakuza. Herufi ya m katika jina la kampuni ile haikuwa m. Ilikuwa r na n zimebanana. Alitazama kwa muda bila kusema kitu, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini ameniuliza kama mtoto wangu amepona."

Kweli aliuliza, kwa sababu alikuwa amesoma. Mtoto alitajwa katika barua ya wiki mbili nyuma, tapeli akaliokota lile neno akalitumia. Malipo yalikuwa yameshaandaliwa kwenye mtandao wa benki, kimebaki kitufe kimoja.

Chanzo cha kawaida cha barua ya namna hii, yenye maelezo ya ndani, ni kwamba mtu ameingia kwenye kikasha cha upande mmoja, cha kwenu au cha saplaya, na amekaa humo akisoma kimya kimya hadi wakati wa malipo. Siku hiyo ikifika, huandika kutoka anwani pacha kama ile ya rn, au kutoka kikasha chenyewe, na hapo hata kukuza maandishi hakutakusaidia. Chanzo kinachofuata ni chepesi zaidi: jina la bosi limewekwa juu ya anwani ya mtu mwingine kabisa, na ujumbe unasema niko kwenye mkutano, usinipigie, lipa hii sasa hivi. Uwezekano wa mwisho ni kwamba saplaya amebadilisha benki kweli. Hutokea.

Dawa ya vyote vitatu ni moja: piga simu. Tumia nambari uliyokuwa nayo kabla ya barua hii, ile iliyo kwenye invoisi ya mwaka jana au kwenye kadi aliyokuachia. Usijibu barua kuuliza, maana jibu litaandikwa na yule yule. Ukipigiwa na mtu mwenye sauti unayoijua, au ukiletewa ujumbe wa sauti, bado kata na upige wewe, kwa sababu sauti siku hizi zinaigwa na kompyuta.

Wenye maduka, nawasihi muweke kanuni hii kabla hamjahitaji: akaunti mpya ya benki hailipwi mpaka mtu amepiga simu, na malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili. Tena bosi asimkaripie mfanyakazi anayempigia kuuliza "Mzee, ni wewe kweli?" Akimkaripia mara moja, mara ya pili hataulizwa.

Simama na uite mtaalamu kama barua ilikuwa na mambo ambayo ni ninyi wawili tu mnaoyajua. Maana yake mlango uko wazi mahali. Anayesimamia barua za ofisi aangalie kumbukumbu za walioingia, lini, na kutoka wapi. Msianze kufuta barua wala akaunti kwa hasira. Mtakuwa mnafuta nyayo za mwizi.

Dalili ya 3: "Nimeitwa kazini, wanataka ada kidogo"

Ada ya vipimo vya afya, ya sare, ya kuharakisha faili. Barua huvaa jina la shirika kubwa, na mjini hapa jina linalopendwa ni la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ofisi zao ziko Gigiri na kila mtu anajua mshahara wa pale ni mnono.

Chanzo karibu kila mara ni tapeli aliyeokota anwani yako mahali ulipotuma maombi. Ukaguzi ni mfupi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Umesema hivyo hadharani miaka mingi. Cheti cha tabia njema huombwa eCitizen na ada yake ya shilingi 1,050 hulipwa huko huko, kwa Paybill 222222, kamwe si kwa nambari ya simu ya "afisa". Kwa kazi za Ghuba, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni. Angalia jina humo kabla hujatoa hata nauli.

Naandika hili nikiwa na uchungu. Anayelipa ada hiyo mara nyingi ameikopa. Kama mdogo wako au jirani anatafuta kazi, mwambie akuonyeshe barua kabla ya kulipa, na umsikilize bila kumcheka.

Dalili ya 4: "Ana nywila yangu, anasema amenirekodi kwa kamera"

Barua ina nywila uliyowahi kutumia kweli, inadai kuna video yako ya aibu, na inataka Bitcoin ndani ya saa 48. Moyo hudunda. Lakini nywila hiyo kwa kawaida imetoka kwenye tovuti iliyovuja zamani, ikauzwa katika orodha ndefu pamoja na za watu wengine. Barua hiyo hiyo wameipata maelfu. Video hakuna.

Usilipe, usijibu. Kama nywila hiyo bado inafanya kazi popote, ibadilishe leo. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha anwani yako ilionekana katika uvujaji upi. Hali ni tofauti kabisa kama tapeli amekutumia picha yako halisi: hifadhi kila kitu na uende polisi. Na kama ni kijana wa shule, mzazi ajue siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na hofu ile usiku kucha.

Dalili ya 5: Watu wanapokea barua "zako", au za kwako zinapotea

Hizi ni dalili mbili ila ninazichunguza pamoja, kwa kuwa mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Watu wakikwambia umewatumia linki ya ajabu, au kikasha chako kikijaa taarifa za barua zilizoshindwa kufika ambazo hukuziandika, chanzo cha kawaida ni kwamba mtu ameghushi anwani yako kwenye bahasha. Yuko nje, hajaingia kwako. Hakikisha kwa kuangalia barua zilizotumwa na zilizofutwa. Kisha fungua Gmail kwenye kompyuta, shuka hadi chini kabisa kulia, bonyeza Details: utaona walioingia karibuni, kwa kifaa gani na kutoka wapi. Kama kote ni shwari, akaunti yako ni nzima na cha kufanya ni kuwatahadharisha watu. Kama anwani ni ya jina la kampuni yenu, mwombe anayesimamia jina hilo aweke SPF, DKIM na DMARC ili barua za kughushi zikataliwe huko zinakokwenda.

Ukikuta barua ambazo hukutuma, au kifaa usichokijua, basi yumo ndani. Na dalili yake nyingine ndiyo hii ya barua kupotea. Mteja anasema amejibu, wewe huoni. Benki wanasema wamekuonya, wewe hujaona. Tapeli akishaingia huweka kanuni ya siri: kila barua yenye neno "invoice", au yenye jina la benki yako, iruke kikasha na kwenda kwenye takataka, au nakala yake iende kwake. Kwenye Outlook hupenda kuzificha katika folda ya RSS, ambayo hakuna anayeifungua. Unaweza kubadilisha nywila mara tatu na kanuni ikabaki palepale ikifanya kazi yake.

Kwa Gmail, fanya haya kwenye kompyuta, maana programu ya simu haionyeshi kanuni hizo. Ingia kwenye mipangilio yote, angalia sehemu ya vichujio, kisha sehemu ya kusambaza barua. Usichokiweka wewe, piga picha ya skrini kwanza, halafu ukifute. Kisha nenda myaccount.google.com, sehemu ya usalama, uangalie mambo matatu: vifaa vilivyoingia, programu zenye ruhusa ya kusoma barua zako, na nambari ya simu ya kurejesha akaunti.

Hiyo nambari ya kurejesha ina hadithi yake hapa kwetu. Watu wengi walifunguliwa barua pepe saiba, yaani duka la intaneti, siku walipoenda kutafuta PIN ya KRA au mkopo wa masomo wa HELB. Kijana wa saiba alitunga nywila, akaiandika kwenye daftari la kaunta, na mahali pa nambari ya simu akaweka yake ili foleni isonge. Wengi wao ni watu waaminifu na wametuvusha katika mengi. Lakini daftari lile linalala kaunta, vijana hubadilika, na miaka sita baadaye akaunti yako bado inarejeshwa kwa simu ya mtu usiyemkumbuka jina. Nimewahi kuketi na mama muuza nguo wa Gikomba tukafungua sehemu ile, akaisoma nambari mara mbili, akasema, "Mwanangu, hii si yangu wala si ya mtu wetu." Hakuna aliyekuwa amemwibia. Tuliibadilisha palepale, kazi ya dakika nne. Angalia yako jioni hii.

Simama na uite mtaalamu kama umeondoa vifaa vyote kwenye akaunti, umebadilisha nywila, umefuta kanuni, na kesho yake zimerudi. Huenda tatizo liko ndani ya kompyuta yenyewe, na kila nywila mpya unayoandika humo inasomwa.

Dalili ya 6: Nambari ya uthibitisho imeingia kwa simu na hukuiomba

Mara nyingi ina maana mtu anayo nywila yako na amekwama mlangoni. Pengine mtu amekosea tu kuandika anwani yake. Usimpe yeyote nambari hiyo, hata akisema anapiga kutoka benki na anakutajia jina lako kamili na kitambulisho. Badilisha nywila ya akaunti iliyotajwa. Kama huduma inaruhusu, hamia kwenye programu ya kutoa nambari au funguo za siri za simu (passkeys), kwa sababu nambari za SMS huibiwa pamoja na laini. Laini ikipoteza mtandao ghafla mchana kweupe wakati simu za wenzako zinashika, usingoje irudi. Piga kwa mtandao wako ukitumia simu ya mtu mwingine.

Dalili ya 7: Nimeshafanya

*Umebonyeza linki tu, hukuandika kitu.* Kwa kawaida hujaharibu. Funga ukurasa, futa faili lolote lililojipakua, sasisha simu au kompyuta. Kama ukurasa ulikuomba ruhusa ya kusoma barua zako nawe ukakubali, iondoe kwenye myaccount.google.com, usitegemee kubadilisha nywila pekee.

*Umeandika nywila.* Tumia kifaa kingine unachokiamini. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kabla ya benki na kabla ya eCitizen, kwani barua pepe ndiyo ufunguo wa kurejesha hizo nyingine zote. Ondoa vifaa vyote kwenye akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha badilisha kila mahali ulipotumia nywila hiyo hiyo, na umalize na uchunguzi wa Dalili ya 5. Kama uliandika pia nambari za kadi, piga benki waifunge kadi hiyo hata kama hakuna kilichotoka.

*Umefungua kiambatisho.* Inategemea ni kitu gani. Windows, kama haijarekebishwa, huficha mwisho wa jina la faili, hivyo Invoisi.pdf.exe huonekana kama Invoisi.pdf. Faili la HTML hufungua ukurasa bandia wa kuingia ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Kama hukuandika kitu humo, pumua. Faili la Word au Excel likikuomba ubonyeze ukanda wa juu ili kuwasha yaliyozuiwa, hapo pana hatari. Microsoft walianza kuzuia makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya faili, za mafaili yatokayo kwenye intaneti mwaka 2022, na matapeli wakahamia zaidi kwenye ZIP zenye nywila, ambazo kichunguzi cha barua hakiwezi kuona kilichomo ndani.

Ukiwa umefungua faili la .exe au umebonyeza ukanda ule, simama hapo hapo. Chomoa waya wa mtandao au zima WiFi, usiingie benki kwa kompyuta hiyo, na umwite fundi. Ikiwa ni ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja, usijaribu kusafisha mwenyewe hata kama una kipaji.

*Umetuma pesa.* Weka mwongozo huu chini upige simu. Kwa benki, sema wazi: "Nimetapeliwa, nataka malipo haya yazuiwe na benki ya mpokeaji ijulishwe." Taja kiasi, saa na nambari ya muamala. PesaLink, ya kutoka benki hadi benki, hufika papo hapo. Malipo ya ng'ambo huchukua muda zaidi, na katika muda huo ndimo pesa huokolewa. Kwa M-PESA, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja. Kama pesa bado hazijatolewa kuna nafasi. Baadaye, siyo kwanza, nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, maana benki itaiuliza.

Usifute barua ile. Picha ya skrini haitoshi, kwa kuwa anwani na mistari ya njia iliyopita barua imo ndani ya barua yenyewe. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana nambari ya bure, 0800 722 203. Matukio ya mtandaoni hupokewa pia na KE-CIRT, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia tovuti yao ya ke-cirt.go.ke. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaitaja hadaa hii katika kifungu cha 30: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kama kikasha kilichoingiliwa kilikuwa na taarifa za wateja, vitambulisho, rekodi za wagonjwa au za wanafunzi, mwite wakili siku hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua, pale ambapo wenye taarifa hizo wanaweza kudhurika.

Na katika siku zinazofuata, huenda ukapokea barua nyingine, ya upole sana, kutoka kwa "kitengo cha kurejesha pesa zilizoibwa". Wanajua kiasi ulichopoteza. Wanaomba ada kidogo ya kufungua faili. Rudi juu, Dalili ya 1, uangalie boma ni la nani.